Fisadi: kutoka mlango wa jirani mpaka hazina ya taifa



Neno fisadi siku hizi limekuwa kama chumvi, halikosekani katika chakula. Ukifungua gazeti la Nairobi utalikuta, ukisikiliza hotuba ya Dodoma utalisikia. Hata vijana wetu waliozaliwa huku nje, ambao Kiswahili chao ni cha kuokota, wanalijua: fisadi ni mkubwa aliyekula pesa za serikali. Lakini waambie kwamba bibi zao walipolitamka neno hilo hawakuwa na khabari ya benki kuu wala ya zabuni, bali walimkusudia mtu wa mtaani aliyeingia baina ya watu wawili akawaharibia, watakutazama kama unayetunga hadithi.

Ninalotaka kusema ni fupi, ingawa maelezo yake yatarefuka kidogo. Asili yake fisadi hakuwa mwizi. Fisadi alikuwa muingiliaji, mtu anayeingia pasipo pake, na anapotoka huacha pameharibika. Maana hii ya kale haijafa, na tukiirudisha mezani inatueleza maana mpya vizuri zaidi kuliko neno "mwizi" linavyoweza. Tena inatugusa khasa sisi tulio mbali na kwetu, kwa sababu nitakayoitaja mwisho.

Kwanza tumtenge na jamaa zake, maana Kiswahili hakina uhaba wa majina ya watu wanaojitia katika mambo ya wenziwao. Mwenye kimbelembele, au kiherehere, hana ubaya mkubwa. Kosa lake ni kutangulia kabla hajaitwa. Mmbea anaokota khabari hapa anazipeleka pale, na mara nyingi hapati faida yoyote ila utamu wa kusimulia. Mdaku anachungulia. Huyu jina lake limepata hata nafasi katika biashara, kwani tangu miaka ya 1990, uchapishaji binafsi ulipofunguliwa Tanzania Bara, yako magazeti ambayo kila mtu anayaita ya udaku. Mdukuzi, na wengine husema mdukizi, alikuwa msikilizaji wa dirishani, anayetega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Siku hizi tumempa kazi ya kuvunja kompyuta za watu, na kwa kweli kazi imemkaa. Fatani ni mtia fitina, shughuli yake ni kuona watu wanagombana.

Fisadi kawapita wote hao. Wenziwe wanasimama nje ya nyumba: wanatazama, wanasikiliza, wanasema. Yeye kaingia. Methali yetu inauliza, pilipili usozila zakuwashiani? Swali hilo linamtosha mdaku na mmbea. Fisadi halimtoshi, kwa sababu yeye pilipili anazila, tena kwenye sahani ya mtu mwengine.

Sasa tuje kwenye asili. Neno ni la Kiarabu, mzizi wake ni fa-sin-dal, na maana ya msingi ni kuoza, kuharibika, kutoka katika uzima. Chakula kilichochacha kimeingia fasadi. Mafakihi nao wanao mkataba ulio fasidi, yaani una kasoro inayouharibu. Kwa Kiarabu fasad ni jina la hali au la kitendo, na mtendaji anaitwa mufsid. Kwa Kiswahili fisadi ni mtu, wingi wake mafisadi, na kitendo chake tumekijengea neno letu wenyewe, ufisadi, pamoja na kitenzi kufisidi. Si jambo dogo hilo. Wengine wanataja uozo, sisi tunamtaja aliyeozesha.

Mkabala wa mzizi huo ni sad-lam-ha, na kutoka huko tumepata suluhu, msuluhishi na maslahi. Kwa hiyo katika mantiki ya lugha, kinyume cha fisadi si mtu mwaminifu wa fedha. Kinyume chake ni msuluhishi. Aliyesoma Qur'ani atakumbuka Surat al-Baqara, aya ya 11 na ya 12, inayoeleza khabari ya watu wanaokatazwa wasifanye uharibifu katika ardhi, nao wakajibu kwamba wao ni watengenezaji tu. Kisha ikabainishwa kwamba hao hao ndio waharibifu, lakini hawatambui. Mnaona jinsi mambo yalivyofungamana? Fisadi hajijui kuwa ni fisadi. Anaamini, au anadai, kwamba amekuja kutengeneza. Hilo ndilo linalomfanya awe na khatari kuliko mwizi, kwa sababu mwizi anajua fika kwamba anaiba.

Basi kama msuluhishi na fisadi wote wawili wanaingia katika mambo ya watu, na wote wawili wanasema wamekuja kwa kheri, tutawatofautishaje? Jawabu liko katika neno jengine ambalo kila mtoto wa pwani analijua kabla hajajua kusoma: hodi. Mtu akifika mlangoni anapiga hodi, anangoja "karibu", na akipiga mara tatu bila ya kuitikiwa, anakwenda zake. Msuluhishi hupiga hodi. Huitwa, au huomba ruhusa kwa wote wawili, husikiliza pande mbili, na kazi ikimalizika hutoka. Fisadi ni mtu asiyepiga hodi, au aliyekaribishwa ukumbini akajikaribisha mwenyewe chumbani.

Haya si mapambo ya maneno yangu. Edward Steere, mmishionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kilivyokuwa kikisemwa Unguja. Katika orodha yake ya maneno, fisadi ameelezwa kuwa ni mtu anayeingia katika nyumba za watu kwa nia mbaya, na kufisidi kukawa ni kutenda kosa ndani ya nyumba ya mtu mwengine. Kitovu cha maana hiyo ni nyumba. Si mali, si cheo, ni nyumba ya mtu. Waunguja wa miaka ya 1860 walipomfasiria mgeni huyu neno lao, hawakumtajia fedha, walimwonesha mlango.

Tukiruka hadi mwaka 1939, katika kamusi kubwa ya Frederick Johnson, iliyokuja baada ya lugha kuanza kusanifishwa, fisadi amekuwa mpotovu wa tabia, mharibifu, na mshawishi wa wanawake. Nyumba imeanza kufifia, imebaki tabia. Lakini ukitazama vizuri, maana hii mpya ni tawi la ile ya kwanza. Mshawishi wa mke wa mtu ni nani kama si yule yule aliyeingia nyumba isiyo yake? Katika nyimbo za taarab mafisadi wamebaki pale pale walipokuwa, baina ya wapendanao wawili, wakitafuta ufa wa kutia kidole. Na katika mazungumzo ya wazee wetu wa pwani, "mafisadi wameingia" ilikuwa ni sentensi kamili. Iliposemwa ndoa imevunjika, au ndugu wawili hawasemezani, hapakuwa na haja ya kuongeza neno.

Wala si sisi peke yetu tuliolishika neno kwa upande huo. Kwa Kiurdu fasad ni ghasia na ugomvi, na fasadi ni mchochezi wa ugomvi huo. Kwa Kituruki fesat ni hila na uchochezi, na pia mtu mwenye moyo wa namna hiyo. Bahari ya Hindi na dunia ya Kiislamu kwa jumla zimelipokea neno hili kwa jicho la watu na uhusiano wao. Maana ya ubadhirifu wa mali ya umma nayo ipo, na katika Kiarabu cha leo ndiyo imetawala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 kuhusu jambo hili, kwa Kiarabu umeitwa mkataba wa kupambana na fasad. Kwa hiyo tusiseme kwamba wanasiasa wetu wamelibaka neno. Walilichukua kutoka mlango mmoja wakalipeleka mwengine, na njia ilikwisha kuwepo.

Njia hiyo kwa upande wa Tanzania ina historia yake. Kila zama zilikuwa na jina la mtu mbaya wa umma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alikuwa mnyonyaji, bepari, kupe. Bidhaa zilipoadimika, akawa mlanguzi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria maalumu na watu wakakamatwa kwa jina la wahujumu uchumi. Katika miaka ya 1990 neno lililotawala likawa rushwa: taasisi ya kuizuia ikaundwa mwaka 1991, na mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ikaandika ripoti yake juu ya kero hiyo. Majina yote hayo yana kasoro moja. Mnyonyaji ni tabaka, mlanguzi ni mfanyabiashara, mhujumu ni mtu wa kisheria, na rushwa ni kitendo. Lugha ilikuwa bado haina jina la mtu mwenye cheo anayeiharibu nyumba aliyokabidhiwa ailinde.

Jina hilo likapatikana kwa nguvu tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, ambapo Dkt. Willibrod Slaa, wakati ule Katibu Mkuu wa CHADEMA na mbunge wa Karatu, alisoma hadharani orodha ya watu 11 aliowatuhumu. Tangu siku hiyo neno halikurudi nyuma. Ikafuata khabari ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, katika Benki Kuu, ambapo shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa kwa kampuni 22. Mwezi Januari 2008 gavana akaondolewa. Tarehe 7 Februari mwaka huo huo, kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ndani ya miezi mitano neno la chumbani likawa neno la bungeni.

Kwa nini fisadi, na si mwizi? Mie naona watu walichagua kwa akili, hata kama hawakukusudia. Mwizi anavunja dirisha. Pesa za EPA hazikutoka kwa dirisha kuvunjwa. Zilitoka mlangoni, kwa makaratasi na saini, zikipitia mikononi mwa watu wenye funguo. Huyo ndiye fisadi wa Steere khasa: mtu aliyemo ndani ya nyumba ya watu kwa nia mbaya. Na tazameni tofauti yake na rushwa. Rushwa ni ya watu wawili waliokubaliana, mtoaji na mpokeaji. Ufisadi unamleta mtu wa tatu, mwenye nyumba, ambaye hakuulizwa. Unaposema "rushwa" unawataja waliokula. Unaposema "ufisadi" unamtaja aliyeharibiwa. Ndiyo maana neno hili liliwachoma watu rohoni kuliko yote yaliyotangulia.

Sheria za nchi zetu mbili, lakini, zimelipokea kwa namna mbili. Tanzania Bara ilipotunga sheria mpya mwaka 2007 ilibaki na rushwa, na chombo chake ni TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Hata John Magufuli alipoahidi katika kampeni za 2015 mahakama ya mafisadi, na mwaka uliofuata ikaundwa kweli, jina lake rasmi likawa ni divisheni ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi. Fisadi kabaki mtaani, mlango wa mahakama hakuuvuka. Kenya, kinyume chake, wamemwandika katika kibao cha ofisi: chombo chao cha tangu 2011 kinajulikana kwa Kiswahili kuwa ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kwa Mkenya, basi, ufisadi ni kosa lenye tume na faili. Kwa Mtanzania ni laana anayoitoa mtu pale ambapo faili halijafunguliwa.

Na hapo ndipo lilipo tatizo. Laana haina rufaa. Lowassa alikuwa katika orodha ya Mwembeyanga. Hakushitakiwa mahakamani kwa jambo la Richmond, na mpaka alipofariki Februari 2024 neno lilikuwa halijamtoka. Lakini mwezi Julai 2015 chama kile kile kilichoisoma orodha kilimpokea na kumfanya mgombea wake wa urais, akapata kura karibu asilimia 40, na Slaa akajitoa. Sina haja ya kuhukumu nani alikuwa sahihi. Ninachokiona kama mtu wa historia ni kwamba neno lilivaliwa na kuvuliwa kama koti. Kama alikuwa fisadi mwaka 2007, nini kilimsafisha? Kama hakuwa, basi aliyemwita hivyo alifanya kazi gani? Wazee wetu wangejibu bila ya kusita: anayeingia katika heshima ya mtu na kuiharibu bila ya ushahidi, huyo naye ana jina, na jina lenyewe ni hilo hilo.

Hii ndiyo hasara ninayoiona. Tulipompandisha fisadi mpaka ikulu na benki kuu, tulijisafisha sisi. Fisadi akawa ni mtu wa juu, mwenye gari kubwa na akaunti ya nje, na mimi na wewe ambao hatuna funguo za hazina tukawa si mafisadi kwa ufafanuzi tu wa neno. Maana ya kale haikutupa nafasi hiyo. Katika maana ya kale fisadi anaweza kuwa shangazi, mshenga, rafiki wa utotoni, au ndugu aliyekaa Muscat, London au Toronto na simu mkononi.

Samahani kwa kulitaja hilo, lakini tusifichane. Nyumba nyingi za urithi huko kwetu, Unguja, Mombasa, Lamu, zimekaa miaka bila ya kugawiwa wala kukarabatiwa, na ukichunguza utakuta kuna neno lililotoka nje. Mmoja kapiga simu kumwambia dada yake asikubali. Mwengine kamwandikia binamu kwamba kaka mkubwa anakula kodi. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na nyumba inaanguka. Vivyo hivyo katika siasa. Zanzibar iligawanyika mpaka ndani ya familia baada ya uchaguzi wa 1995 na baada ya damu ya Januari 2001. Waliokuwa wakiishi na mgawanyiko huo dukani, msikitini na mazikoni ndio waliokwenda kupiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Sisi wa nje tulikuwa na maneno makali kuliko wao, kwa sababu hatukuwa tukipishana na jirani kila asubuhi. Uchungu wa kweli tulikuwa nao, sikatai. Lakini uchungu si ruhusa ya kuingia.

Simaanishi kwamba aliye mbali anyamaze. Aliye mbali ana haki yake katika urithi, ana haki yake katika nchi, na mara nyingine macho ya mbali yanaona ufa ambao waliomo ndani wameuzoea. Kipimo ni kile kile cha mlangoni. Je, umepiga hodi? Umesikiliza upande wa pili kabla ya kuamua? Neno lako likikubaliwa, nani atakayelala katika nyumba hiyo kesho, wewe au wao? Mwenye majibu ya maswali hayo ni msuluhishi hata akiwa maili elfu tano. Asiye nayo, hata akiwa na shahada tatu na nia safi, aisome tena ile aya ya 12.

Kwa wenzangu wa kamusi nina ombi. Tunapoandika kidahizo cha fisadi tusiweke "mla rushwa" peke yake tukafunga kitabu. Tuanze na aliyeingia nyumba ya watu, kisha mvunja uhusiano, kisha mharibifu wa mali ya umma, kwa mpangilio huo, ili msomaji aone kwamba ni mtu mmoja aliyehama kutoka nyumba ndogo kwenda kubwa. Na kwa wenzangu wa Pate, Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba na kwengineko: kama wazee wenu wanalitumia neno hili kwa namna ambayo sikuitaja, liandikeni na mseme limesikiwa kwa nani na wapi, kabla wasemaji hawajaondoka nalo.